Sweta langu haliuzwi jamani

Ndugu mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu, nikizidisha maneno mtakata wenyewe.

Juzi nilisoma ukurasa wenu wa ujasiriamali, pale mlipoandika kwamba kina mama na vijana waliokaa bure nyumbani wafume masweta wajipatie kipato, nikamaliza nikaweka gazeti chini nikacheka mpaka mke wangu akauliza kuna nini, nikamwambia huyu mwandishi hajawahi kushika sindano hata siku moja. Siandiki kwa ubaya, nawasoma kila siku hasa kurasa za michezo, ila hapo mmewadanganya watu.

Mimi ni fundi umeme hapa Njombe mjini, mwanaume, na nafuma. Nalisema mapema ili mwenye kucheka acheke sasa hivi tuendelee. Alinifundisha bibi mzaa mama kwa spoku za baiskeli maana sindano zenyewe hazikuwepo, ananikalisha jikoni karibu na moto kwa sababu baridi la huku mwezi wa sita na wa saba si la mchezo, mtoto hatoki nje, basi kazi yetu ndo ikawa hiyo. Sekondari nikaacha, wavulana wenzangu mnajua walivyo. Nikarudia nikiwa na miaka 38, niliteleza kwenye ngazi nikavunjika mguu nikakaa ndani miezi mitatu, na miezi mitatu bila kazi mtu unaweza kugombana hata na kuku.

Sasa ukishaanza kufuma uzi wa dukani haukutoshi, unataka rangi yako mwenyewe. Nikasikia kokwa la parachichi linatoa rangi, na huku kwetu maparachichi ndo usiseme, nikakusanya kokwa ndoo nzima nikachemsha na uzi wa sweta nilionunua stendi. Nimechemsha mchana kutwa, nikausuuza, uzi umetoka mweupe vilevile kama nilikuwa naukogesha! Kumbe ule ni akriliki, yaani plastiki, na rangi ya mimea haiingii kwenye plastiki hata uuchemshe wiki. Tangu siku hiyo nikinunua uzi nakata kipande nakichoma kwa kiberiti, sufu ya kweli inanuka kama nywele zikiungua halafu inabaki jivu la kusagika, akriliki inayeyuka inaganda kidonge kigumu. Wauzaji hawapendi nikifanya hivyo mbele yao lakini hela ni yangu.

Sufu yenyewe sasa utaipata wapi, kondoo wetu wengi Tanzania ni wa manyoya mafupi tu, wa nyama. Kuna jamaa yangu dereva wa lori anaenda Kenya, nikamwomba akifika upande wa Molo, kule wanakofuga kondoo wa sufu, aniletee. Akaniletea gunia lina mafuta, kinyesi na miiba, linanuka mpaka jirani akauliza kama nimeanza kuchuna ngozi. Ukiiosha uzito unapungua sana, unaweza kubaki na nusu tu. Fungu la kwanza niliharibu lote, nililifikicha kwenye maji ya moto kama nguo za shule, sufu ikashikamana ikawa kitu kama kipande cha godoro, hadi leo mbwa analalia. Inatakiwa uilowanishe kwenye maji ya moto yenye sabuni uiache itulie, usiikoroge, na usiitoe kwenye moto ukaitumbukiza kwenye baridi ghafla.

Kusokota nilijifundisha kwa kijiti cha ufagio nilichokichomeka kwenye CD ya kwaya iliyokwaruzika, juu nikaweka ndoano ya waya (fundi umeme waya hakosi). Unakizungusha kinaning'inia, unaachia sufu kidogokidogo, inajisokota yenyewe. Wiki ya kwanza uzi wangu ulikuwa huku mnene kama kamba ya mbuzi huku mwembamba kama utando wa buibui, unakatika kijiti kinaanguka sakafuni pwaa, watoto wanashangilia. Halafu siku moja mkono ukaelewa. Siwezi kueleza imekuwaje, nilikuwa nasikiliza mpira redioni nikaangalia chini nikakuta uzi umenyooka.

Na rangi sasa! Parachichi ni kijani lakini kokwa na maganda yake yakichemshwa taratibu yanatoa waridi, sio kijani, yaani mara ya kwanza sikuamini macho yangu. Sufu naiandaa kwanza na shabu, ile chumvi ya kusafishia maji, gramu 15 hivi kwa sufu ya gramu 100, ndo inashikisha rangi, halafu nailaza kwenye maji ya kokwa usiku kucha. Ukitia maji ya misumari yenye kutu waridi inageuka kijivu cha mawingu ya mvua, na hiyo ndo naipenda kuliko zote. Maganda ya vitunguu yanatoa dhahabu. Bizari ya manjano msihangaike nayo, inang'aa siku ya kwanza, ukianika juani inakukimbia. Ila sufuria ya rangi isirudi jikoni, kwangu hilo nusura livunje ndoa.

Turudi kwenye hela. Sweta langu la kwanza kamili nilianza mwezi wa tatu nikamaliza wa sita, nilikuwa naandika masaa kwenye kalenda ukutani, kusokota masaa 40, kufuma 52, kuosha na rangi sikuhesabu. Nikijilipa shilingi 2,000 tu kwa saa hiyo ni 184,000, na mtumba pale sokoni sweta zuri tu unapata kwa 5,000. Nani ataninunua? Na hii si habari mpya. Pale Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ndo uzito wa vijiti vya kusokotea pamba, mababu zetu wa pwani walisokota karne nyingi na Wafipa kule Rukwa walifuma nguo zao za pamba. Halafu karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Marekani, wakaleta kitambaa cha mashine kupitia Zanzibar, mpaka leo tunakiita merikani, rahisi, kingi, na mtu wa kijiti akashindwa bei. Sasa nyie leo mnamwambia binti wa Makambako akashindane na mtumba kwa sindano mbili?

Mwenye mashine ya kufumia na tenda ya masweta ya shule, huyo sawa, ni biashara na wapo hapahapa mjini. Lakini sindano ya mkono ni kitu kingine. Kinachoniudhi ni kwamba siku hizi mtu akikuona unafanya kitu kwa raha yako lazima aulize unauza bei gani, nikisema siuzi ananihurumia. Wenzangu wanakaa kijiweni wanacheza bao hadi saa mbili usiku na hakuna anayewauliza bao linaingiza shilingi ngapi.

Kwa hiyo ombi langu mhariri, masweta ya mkono yatoeni kwenye ujasiriamali myaweke kule kwenye burudani. Na kama kuna msomaji anayejua mnili, ule mmea wa rangi ya bluu, unaota wapi nyanda hizi za juu kusini, aandike hapahapa gazetini, nimeshapata waridi, dhahabu na kijivu ila bluu bado inanisumbua.

Fundi umeme,
Njombe mjini