Shoga usiache kumpa mtoto chakula mkononi

Mama Twaha shoga yangu, assalaam alaykum. Sie huku Makorora hatujambo, mama anakusalimu sana, Rehema bado yuko Pangani kwa wifi yake hatujui anarudi lini. Salamu zingine baadae maana nimesikiliza ile sauti uliyonitumia usiku nikaona ngoja nikuandikie, mambo yenyewe mengi.

Unasema Twaha alipewa kiazi kitamu ashike, akakohoa akawa mwekundu, machozi yakamtoka, kama anataka kutapika, bi mkubwa, bibi yake, akapiga ukelele akamnyang'anya, na tangu hapo ni uji tu, na siku nyingine anabanwa pua ili ameze. Shoga, hilo la pua ndo limeninyima usingizi. Mtoto anayemiminiwa uji huku analia na pua imebanwa ndo anayepaliwa, uji unaingia njia ya hewa. Kiazi hakikumfanya kitu.

Yaani alichofanya Twaha ni mwili kujilinda. Kwa watoto wa miezi sita saba pale kwenye ulimi panapomfanya mtu ajisikie kutapika ni mbele zaidi kuliko kwetu wakubwa, kwa hiyo kipande hakijafika hata kooni keshaanza kukisukuma nje. Akikohoa, akilia, akifanya kelele, muache akitoe mwenyewe, we kaa karibu tu. Wa kumuogopa ni anayenyamaza, mdomo wazi sauti haitoki, hawezi kulia wala kukohoa, midomo inaanza kubadilika rangi. Huyo unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kiwe chini kuliko kifua, unampiga kwa kiganja katikati ya mabega mara 5, hakijatoka unamgeuza chali unambonyeza katikati ya kifua kwa vidole viwili mara 5, unarudia hivyo hivyo na mtu mwingine anatafuta usafiri wa hospitali. Tumbo usibonyeze, bado hajafika mwaka. Na usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Hili naomba umfundishe na bi mkubwa, na dada wa kazi pia.

Na hiyo ya kusema mtoto kushika chakula mwenyewe ni mambo ya kizungu, mi nimekua naona watoto wamekaa mkekani watu wakila nao wanapewa muhogo wa kuchemsha wanautafuna kwa fizi. Ila wapo wanaowapa mfupa wa kuku wanyonye, hapo sikubaliani nao kabisa.

Sasa kipande kiwe kirefu kama kidole chako, kwa sababu saa hizi anashika kwa ngumi nzima, anakula kile kinachotokeza juu ya ngumi tu. Vya kudokoa subiri kwenye miezi 8 au 9 kidole gumba na cha shahada vikianza kukutana. Ukikiminya kwa vidole viwili kipondeke, kisipopondeka rudisha jikoni. Boga, ndizi mbivu, parachichi, papai, yai lililoiva vizuri, samaki ila umchambue mwenyewe kwa mkono mara mbili, miba ya changu unaijua. Maini kidogo siku moja moja na maharage yaliyopondwa usisahau, maana akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaanza kuisha miezi 6 na maziwa yako peke yake hayatoshi tena. Kunyonya kuendelee, Shirika la Afya Duniani wanasema mpaka miaka 2 na zaidi. Na uji mpe, nani kakataza uji, ila kijiko kikifika akageuza uso basi, keshashiba.

Karanga nzima hapana, bisi hapana, zabibu nzima na karoti mbichi hapana. Chumvi na sukari achana nazo. Asali mpaka afikishe mwaka, hata ile ya kumlambisha akiwa na kikohozi, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliviwezi, sumu yake inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Najua bi mkubwa anayo chupa kabatini.

Atachafua ndio, nguo, ukuta, nywele zako. Tandika kanga kuukuu chini yaishe.

Sasa niambie, siku ile alikuwa amekaa wima au ameegemea nyuma mapajani? Maana akiegemea chakula kinateleza chenyewe. Kiazi kilikuwa kimeiva mpaka ndani? Nani alikimega, wewe au mtu mwingine? Mdomoni alikiweka mwenyewe au aliwekewa na mtu? Na anakaa bila kushikwa sasa? Kliniki ya mwezi huu umeenda, uzito unasemaje? Na bi mkubwa nimpigie mimi, au utaona nimekuingilia? Mi nampenda yule mama na najua anaogopa tu kwa ajili ya mjukuu, ukikubali nitampigia Ijumaa baada ya swala, nijibu kabla ya hapo.

Mwenzio,
Mama Salha