Hakuja, ila muongo siyo

Mhariri, naomba kanafasi kwenye kurasa za wasomaji. Kuna ubishi unanikera, mtu kasema "nikipata nafasi nitakuja", nafasi hakupata, hakuja, halafu anaitwa muongo. Muongo kivipi jamani? Angekuwa muongo kama nafasi kaipata akakaa zake tu. Na hata angekuja bila kupata nafasi, neno lake hajalivunja.

Ndo lojiki inavyosema, sentensi ya kama-basi ni ya uongo sehemu moja tu, sharti likiwa kweli na matokeo uongo. Ukipanga kwenye jedwali namna zote nne za sharti na matokeo kuwa kweli au uongo, mistari mingine mitatu ni kweli. Wanafunzi wengi hapo wanagoma, wanaona mwalimu analazimisha, itakuwaje uongo kwa uongo izae kweli? Haya, chukueni hii: namba nzima ikigawanyika kwa 4 basi inagawanyika kwa 2. Hakuna anayeibishia. Sasa weka 8, kweli na kweli. Weka 6, sharti uongo, matokeo kweli. Weka 7, uongo na uongo. Ukisema mmojawapo wa mistari hiyo ni uongo umeshaiua sentensi uliyoikubali mwenyewe sasa hivi. Namba ya kuleta kweli halafu uongo ndo huipati hata utafute mpaka kesho.

Tatizo jingine watu wanaigeuza, eti ikigawanyika kwa 2 basi na 4 inakubali, wakati 6 iko palepale inawakatalia. Mwanasaikolojia Peter Wason wa Uingereza alilianika hili miaka ya 1960 kwa kadi nne: E, K, 4 na 7, kila moja herufi huku namba kule, na kanuni kwamba kukiwa na irabu upande mmoja basi wa pili una namba shufwa. Ufunue zipi kuihakiki? Wengi wanakimbilia E na 4. Hiyo 4 ya nini sasa, nyuma pawe na irabu pasiwe nayo kanuni haiguswi! Ni E na 7, maana 7 ikiwa na irabu nyuma kanuni imekufa.

Ila nakubali, "kama 2 ni kubwa kuliko 5 basi mimi samaki" kuambiwa ni kweli inachekesha, na anayecheka simlaumu. Kanuni hii ya kama-basi aliitoa mwanafalsafa Mgiriki Philo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita na mwalimu wake Diodorus Cronus akaikataa, akataka iwe haiwezekani kabisa, wakati wowote ule, kuanza na kweli ukaishia kwenye uongo. Jedwali tunalofundishwa leo limemfuata mwanafunzi.

Msomaji wenu