Mheshimiwa Waziri, visikilize vijiji vya chini ya Farasi Mweupe

Kwa Waziri wa Nyumba, Jamii na Serikali za Mitaa, London

Mheshimiwa,

Jirani yangu mmoja, bibi aliyevuka miaka themanini, juzi alitoa cheti chake cha kuzaliwa kwenye kopo la biskuti akakiweka mezani. Kimeandikwa kaunti ya Berkshire. Kando yake akaweka barua ya kodi ya nyumba: wilaya ya Vale of White Horse, kaunti ya Oxfordshire. Hajahama maisha yake yote. Kilichohama ni mpaka.

Mimi ni Mtanzania, mkazi wa bonde hili la Vale of White Horse, lenye jina la Farasi Mweupe, umbo la chaki lililoko mlimani juu yetu. Nakuandikia kuhusu vijiji vitatu jirani: Uffington, Woolstone na Baulking. Zamani vyote vilikuwa chini ya kanisa moja, lile la Uffington lenye mnara wa pembe nane, na mambo ya kijiji yaliamuliwa na wachache kwenye kikao cha kanisani. Sheria ya serikali za mitaa ya 1894 ndiyo iliyowapa wanakijiji sauti. Mikutano ya kwanza ya vijiji ilifanyika tarehe 4 Desemba mwaka huo, na wanawake, hata walioolewa, waliruhusiwa kupiga kura na kugombea. Hilo bado linanisisimua, maana kura ya bunge waliingoja hadi 1918.

Juu ya vijiji ilikaa halmashauri ya wilaya ya vijijini ya Faringdon. Ikafutwa tarehe 1 Aprili 1974, na siku hiyohiyo bonde likatolewa Berkshire likatiwa Oxfordshire. Halmashauri ya kaunti ya Berkshire nayo ikafutwa 1998. Sasa, kwa mpango wenu wa Desemba 2024 wa kufuta halmashauri za wilaya na kuunda mpya kubwa zaidi, zamu ni ya wilaya ya Vale of White Horse, na moja ya mapendekezo linataka tuunganishwe na West Berkshire. Yaani tukutane tena na sehemu ya kaunti tuliyoondolewa!

Sikuandikii kutetea ramani fulani. Ila tazama ni ngazi gani imebaki tangu 1894: ni kijiji. Na ndiyo ngazi isiyo na nguvu. Kijiji kidogo hakina hata halmashauri, kina mkutano wa wapiga kura tu. Kwetu Tanzania halmashauri za wilaya zilifutwa 1972, mwaka uleule Bunge lenu lilipopitisha sheria ya kubadili mipaka hii, na ikabidi sheria ya 1982 izirudishe. Kwa hiyo naogopa uamuzi unapopelekwa mbali na watu.

Kila kiangazi watu hupanda mlimani na nyundo, wakapiga magoti na kuponda chaki mpya juu ya Farasi, umbo la mita 110 lenye umri wa karibu miaka 3,000. Wakiacha, nyasi zitalifunika. Watu hao hao wanaweza kuamua kuhusu barabara yao na uwanja wao wa michezo.

Ninachoomba ni hiki. Lolote litakaloamuliwa, amri ya kuunda halmashauri mpya iandike wazi ni madaraka gani na fedha zipi zitashuka kijijini, na mikutano midogo kama ya Woolstone isirukwe. Pia kumbukumbu za bonde, ambazo za zamani ziko Reading na za karibuni Oxford, ziwekewe orodha moja kabla wilaya haijafunga milango, ili bibi yule na wajukuu wake wasizitafute katika kaunti mbili.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa bonde