Kanisa letu limekuwa makanisa matatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu tulipomzika mzee mmoja wa kanisa letu hapa Nakuru. Huyu mzee alifundisha sande skul miaka mingi, kijana wangu wa kwanza alipitia mikononi mwake, na hata miguu ilipoanza kumsumbua alikuwa anakuja na mkongojo anakaa kiti cha pili kutoka mbele. Siku ya mazishi kina mama tulijaa na wazee pia, lakini vijana ukiwahesabu hawakufika kumi. Nikamuuliza binti yangu mbona hakuja akaniambia, "Mamii, kwani alikuwa nani? Mimi simjui." Na hakusema kwa madharau, ni ukweli hamjui, maana yeye tangu atoke sande skul anaabudu na wenzake kwa hema nyuma ya kanisa, na mzee alikuwa ibada ya Kiswahili ya saa nne. Wamekuwa kompaundi moja kila Jumapili na hawajawahi kupeana mkono.

Zamani tulikuwa na ibada moja tu. Ikaja ya Kiingereza ya saa mbili, tukasema sawa, halafu vijana wakapewa hema na kinanda chao na skrini, tukasema sawa pia, na sasa wazee wa kanisa wanaongea kuhusu kuanzisha ibada za lugha za nyumbani, kila kabila na saa yake, eti ndio kanisa linaenda na wakati.

Mimi sipingi mabadiliko, wasomaji wanielewe vizuri. Majirani zetu Wakatoliki walikuwa wanasoma misa kwa Kilatini hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ule wa 1962 hadi 1965, ukafungua mlango wa lugha za watu, na leo ngoma na kayamba zinalia mle ndani na hakuna mtu anashtuka. Upande wa Waanglikana kule Kisumu, Askofu Henry Okullu alimpa Lucia Okuthe upadri mwaka wa 1983 wakati wengi hawakutaka hata kusikia habari ya mwanamke madhabahuni. Mwaka wa 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi Bondo, na Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akasimikwa askofu wa Butere, na sherehe hiyohiyo ndiyo Askofu Mkuu Ole Sapit aliwaambia wanasiasa hawatapewa maiki. Nilishangilia yote mawili! Hata korona ilipofunga makanisa 2020 tukaanza kufuata ibada kwa simu na kutuma sadaka kwa M-Pesa mimi nilikuwa wa kwanza kujifunza. Na kuna kijana alihubiri kwa Sheng pale kwa hema, nikasimama nje nikisikiliza, nusu nilielewa nusu ikanipita, lakini watoto walikuwa wametulia tuli, kwa hivyo nilimshukuru Mungu.

Ila mabadiliko hayo yote yalikuwa yanamwingiza mtu aliyekuwa ameachwa nje. Haya ya sasa yanatutoa mmoja mmoja kutoka kwa meza moja.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mimi nilikuwa na mtoto mdogo mgongoni. Watu wengi walikimbilia Showground, sisi wa mtaa wetu tulilala kanisani, Wakikuyu, Wajaluo, Wakisii, Waluhya na Wakalenjin wawili watatu ambao pia waliogopa kurudi kwao. Usiku ule mtu akinong'ona kikwao unaona macho yote yanageuka, hata kama anambembeleza mtoto tu. Yule mzee tuliyemzika ndiye aliyesimama akasema tuombe wote kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie mwenzake anamwomba Mungu nini. Tukaomba hivyo mpaka kukapambazuka, na asubuhi akatafuta unga sijui wapi tukapika uji sufuria moja. Sasa nikiambiwa tugawanywe kwa makabila katika kanisa hilohilo, Mhariri, mwili unanisisimka.

Najua watu watanijibu kwamba lugha ya mama ni haki ya mtu. Ni kweli kabisa. Mama mkwe wangu anatoka Vihiga na akija kututembelea Kiswahili cha mahubiri kinamchosha, anasoma Biblia yake ya Kiluhya polepole. Kule kwao wamisionari wa kanisa la Marafiki (Quakers) walifika Kaimosi 1902, na ukienda ibada kijijini leo wimbo ni wa kikwao na kila mtu anaujua, hakuna anayeachwa. Lakini mimi naishi Kaptembwa, ploti yetu ina milango minane na makabila matano, na choo ni kimoja. Mama akija akae na mjukuu wake amtafsirie sikioni. Wakifanya hivyo watakuwa wameongea pamoja saa mbili nzima, kitu ambacho nyumbani hakitokei kwa sababu ya simu.

Ninachoomba si kikubwa. Hema libaki, ibada ya Kiingereza ibaki. Lakini kuna miezi ina Jumapili tano, na kwa mwaka hazizidi tano hizo. Jumapili ya tano tuingie wote mlango mmoja, ibada ya Kiswahili, vijana waongoze nyimbo, mzee asome neno, msichana wa form tatu atangaze nani mgonjwa na nani amefiwa, halafu tukae nje tunywe chai tujuane majina. Makanisa mengine ya Nakuru na Kisumu yenye shida kama yetu yanaweza kujaribu pia, haihitaji harambee.

Wazee wanakutana mwisho wa mwezi na nimeshaomba nafasi ya kuongea. Binti yangu nimemweleza mzee alikuwa nani, na habari ya uji pia nimemwambia, akanyamaza kidogo. Amesema siku hiyo atakuja kuimba na sisi kina mama, ila ameuliza kama gitaa itaruhusiwa. Nimemwambia ailete.

Mama wa kanisa,
Kaptembwa, Nakuru