Barua ya malalamiko: Nirudishieni injini ya Datsun 240Z yangu

Mombasa,
12 Agosti 2024

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Ukarabati wa Magari ya Zamani,
Eneo la Viwanda, Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: INJINI YA L24 NA KABURETA MBILI ZILIZOTOLEWA KWENYE GARI LANGU BILA IDHINI

Nakuandikia wewe mwenyewe kwa sababu wa chini yako nimewamaliza. Nimezungumza na karani wa mapokezi, nikazungumza na msimamizi wa karakana, nikazungumza na meneja mara tatu, na kila mmoja amenipa jawabu lake. Baruapepe niliyotuma tarehe 2 Julai haikujibiwa hadi leo. Ombi langu ni moja: injini iliyokuwa ndani ya gari langu nilipolileta kwenu, pamoja na silinda hedi yake na kabureta zake, irudi mikononi mwangu.

Nililileta gari tarehe 9 Januari mwaka huu, juu ya lori, kutoka Mombasa. Halikuwa limeharibika. Lilikuwa likiwaka kwa ufunguo wa kwanza na siku ile nililipandisha mwenyewe kwenye lori kwa nguvu zake. Kilichonileta ni kutu. Datsun za aina hii zina maradhi yake yanayojulikana: huoza chini ya betri, huoza reli zinazopita chini ya sakafu, huoza kona za nyuma ya milango ambako maji hukwama, na lenye kuishi karibu na bahari huoza upesi zaidi. Bodi na chesisi ni kitu kimoja, kwa hiyo reli zikiliwa hakuna cha kushikilia gari. Tukaandikiana mkataba. Kuhusu injini, mkataba una sentensi moja tu: injini itolewe ili mafundi wapate nafasi ya kuchomelea, isafishwe, iwekwe gasketi na sili mpya, irudishwe. Nakala nimeambatisha, sahihi ya meneja wako iko chini.

Haki isemwe. Kazi ya bodi mmeifanya vizuri. Nilipolichukua tarehe 15 Juni nilipitisha sumaku kwenye kona zote mbili za nyuma ya milango na ilinata, hakuna puti iliyofichwa. Nikalala chali chini ya gari nikaziona reli mpya, zimechomelewa mstari ulionyooka na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Kijana aliyeifanya kazi ile ana mkono, na ningependa umfikishie shukrani zangu. Bei nayo ilipanda kuliko makadirio, lakini niliambiwa mapema, nikakubali, nikalipa. Sina ugomvi na hayo.

Siku ile ya kulichukua nilifungua boneti nikakuta kabureta za Weber. Meneja akaniambia kabureta zangu bado ziko kwa fundi wa kusafisha, hizi ni za muda tu, zangu zitatumwa kwa basi ndani ya wiki. Nikaamini. Nilikuwa na furaha, gari linang'aa, na safari ya kurudi nyumbani ni ndefu. Nilipofika Mtito Andei nilishaanza kusikia kitu. Injini ilikuwa inavuta, tena inavuta kwa nguvu, lakini sauti haikuwa ile niliyoizoea kwa miaka kumi na mitano. Nikajiambia ni kabureta.

Wiki mbili zikapita, basi halikuleta kitu. Tarehe 30 Juni, baada ya sala ya alasiri, nikachukua mswaki wa zamani, kopo la mafuta ya taa na tochi. Kwenye injini hizi nambari hugongwa kwenye bloki upande wa kulia, kwa nyuma, chini kidogo ya silinda hedi, mahali ambapo mkono hufika kwa kujipinda. Mlikuwa mmepaka rangi ya buluu mpya juu yake. Nikasugua. Ikatoka L. Ikatoka 2. Tarakimu iliyofuata nilidhani ni 4 iliyozibwa na rangi, nikasugua tena, nikapangusa kwa kitambaa, nikapitisha ukucha ndani ya mchoro wake, mara ya kwanza, mara ya pili. Ilikuwa 8. Nikazima tochi nikakaa kwenye ngazi ya mlango mpaka adhana ya magharibi.

Bwana Mkurugenzi, huenda kwako L24 na L28 ni majina ya vyuma. Niruhusu nikueleze tofauti yake kwangu, kwa sababu meneja wako aliniambia kwa simu kwamba nimepata faida: "Mzee, tumekuwekea kubwa zaidi." Ni kweli L28 ni kubwa. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,753, na yangu ilikuwa na 2,393. Nazijua injini zote mbili. Ni ndugu wa ukoo mmoja, silinda sita mstari mmoja, L28 hukaa kwenye mauntingi zilezile na kushikana na giaboksi ileile, na ukitazama kwa juu huwezi kuzitofautisha kwa haraka. Ndiyo maana jambo hili liliwezekana kufanywa bila mimi kujua. Wapo wapenzi wa magari haya wanaobadilisha kwa hiari yao, na gari lao ni lao. Mimi sikuomba nguvu. Ningetaka nguvu ningenunua gari jipya.

Nilizaliwa Voi. Tulikuwa tukitolewa nyumbani usiku na mjomba wangu, tumejifunga mashuka, kwenda kusimama kando ya barabara magari ya mashindano ya Safari Rally yapite. Ulikuwa unaona taa kwanza, kisha vumbi likimulikwa na taa, kisha sauti, na sauti ya 240Z ilikuwa na mlio wake ambao watoto wote tuliujua na kuuiga kwa midomo tukienda shule. Gari hilo liliishinda Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na Shekhar Mehta akaja wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kumaliza sawa kwa alama za adhabu na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun. Magari yale yalishinda kwa L24. Gari la ushindi wa 1971 Nissan, waliotengeneza Datsun, wameliweka kwenye hifadhi yao kule Zama, Japani, na lina makovu yake ya barabara zetu, hawakuyafuta. Mimi siwezi kwenda Zama. Nilichoweza ni kuweka akiba kwa miaka, nikifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, mpaka mwaka 2009 nikampata mzee mmoja hapa Ganjoni aliyekuwa na 240Z ya 1972 chini ya paa la makuti nyuma ya nyumba yake.

Mzee yule, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mmiliki wa kwanza wa gari hilo. Alinipa gari pamoja na daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika kwa wino nambari ya chesisi, inayoanza na HS30, na nambari ya injini, inayoanza na L24. Kurasa zinazofuata ni kila mara alipobadilisha oili, tarehe na maili, mkono uleule kwa miaka thelathini na saba. Nambari za daftari ni zilezile za kibati kilichopigiliwa ndani ya boneti, na ni zilezile za logibuku, yaani hati ya usajili wa gari. Vitu vitatu vilisema neno moja. Aliniambia, "Mwanangu, rangi utabadilisha, viti utabadilisha, lakini hii injini haijawahi kutoka humu." Sikupandisha daftari lile kwenye lori, na nashukuru sikulipandisha.

Kabureta nazo ni hadithi hiyohiyo. Zilikuwa Hitachi mbili za aina ya SU, zenye kuba za mviringo juu. Kila mwezi nilikuwa nikifungua vile vifuniko vidogo, natia oili nyepesi kwa tone, kisha naweka ncha ya mpira mwembamba sikioni na ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, nasikiliza upepo unavyovutwa, nahamia ya nyuma, nageuza skrubu robo mzunguko, narudi ya mbele, mpaka zote mbili zivute kwa sauti moja. Mwanangu wa mwisho alijifunzia hapo. Skrubu moja ya kabureta ya nyuma ilipotea mwaka 2013, nikachongesha ya shaba Majengo. Mkiiona kabureta yenye skrubu moja ya shaba, hiyo ni yangu, popote ilipo.

Sasa majawabu yenu. Tarehe 1 Julai msimamizi wa karakana aliniambia hakuna kilichobadilishwa, nisome vizuri. Nilipomtumia picha ya nambari, meneja akasema bloki ya zamani ilikutwa imepasuka. Tarehe 19 Julai akasema iliuzwa na vyuma chakavu kwa sababu ilikuwa inachukua nafasi. Majawabu hayo hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Ninyi wenyewe mlinitumia picha kwa WhatsApp tarehe 14 Machi, injini yangu ikiwa kwenye stendi, hedi imetolewa, silinda zote sita zikionekana, na ujumbe chini yake: "Iko safi sana mzee." Ikiwa ilipasuka baada ya hapo, ilipasukia mikononi mwenu na nilistahili kupigiwa simu siku hiyohiyo. Hata kama bloki ilipasuka, hedi haikupasuka, kifuniko cha valvu hakikupasuka, na kabureta mlikuwa mkiniambia bado ziko kwa fundi wa kusafisha.

Kuna jambo jingine ambalo naona hamkulifikiria. Nambari ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Hivi leo nina gari ambalo karatasi zake zinasema injini moja na bloki inasema nyingine. Polisi wa trafiki akilisimamisha na kulikagua, nitamwambia nini? Likipata ajali, bima watakubali kulipa? Siwezi hata kwenda NTSA, mamlaka inayosajili magari, kubadilisha kumbukumbu, maana hamjanipa karatasi hata moja ya hiyo L28: haina risiti, haina jina la aliyeiuza, haina cheti cha kuingizwa nchini. Sijui ilitoka gari gani. Tangu tarehe 30 Juni gari halijatoka nje ya geti.

Na msinitazame kama mtu anayeweza kwenda kununua jingine. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. 240Z zilizobaki Kenya ni zile zilizoingia zamani, na kila mwaka moja huoza au hukatwakatwa. Yenye injini iliyozaliwa nayo haitengenezwi tena kwa fedha yoyote.

Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari. Mteja hatozwi kwa kazi ambayo hakuiidhinisha, na vipuri vinavyotolewa kwenye gari vinapaswa kurudishwa kwa mwenye gari. Mimi sikuwahi kusema wala kuandika kwamba sivitaki.

Kwa hiyo nakuomba ndani ya siku 21 tangu upokee barua hii uniletee Mombasa, kwa gharama yenu, bloki ya L24 yenye nambari iliyo kwenye nakala ya logibuku niliyoambatisha, hedi yake, kifuniko cha valvu, na kabureta zote mbili. Vikiwa vimefunguliwa, viko vumbini, havina hata bolti moja, nitavipokea hivyohivyo. Bloki ikiwa kweli imepasuka, niletee iliyopasuka; nambari bado imo ndani yake na wapo mafundi wa kuishona chuma. Vikiwa vimeuzwa, nipe jina la mnunuzi na risiti. Wanunuzi wa vyuma chakavu nchini hufanya kazi kwa leseni na hutakiwa kuweka kumbukumbu, na niko tayari kwenda kutafuta mwenyewe kwenye yadi nikiwa na barua yako mkononi. Nipe pia, kwa vyovyote vile, karatasi za L28.

Sitaki fidia ya fedha badala ya injini. Meneja alinitajia punguzo la shilingi elfu themanini na nilikataa. Siku hizo 21 zikipita kimya, nitapeleka dai Mahakama ya Madai Madogo, ambayo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya mtu kurudishiwa mali yake inayohamishika. Vielelezo vyangu ni mkataba, picha ya tarehe 14 Machi, logibuku, na daftari la marehemu mzee wa Ganjoni. Ningependelea tusifike huko, kwa sababu mahakama hutoa hukumu na mimi nahitaji mtu wa karakana yenu anayejua kitu kiko wapi aseme kiko wapi.

L28 yenu iko salama. Nimeikatia betri na kuifunika turubai. Siku mtakayoleta yangu, mimi na mwanangu tutaitoa wenyewe, na mtaondoka nayo ikiwa na Weber zake mbili na bolti zake zote, nitaziweka kwenye mfuko na kuandika juu yake kila moja inakaa wapi.

Wako mteja,
Mwenye Datsun 240Z ya 1972,
Mombasa.

Viambatisho: nakala ya mkataba, nakala ya logibuku, picha ya kibati cha boneti, picha ya nambari ya bloki, picha yenu ya tarehe 14 Machi, ukurasa wa kwanza wa daftari.