Mitandao bila mnara: kuficha ujumbe pekee hakutoshi

Mhariri,

Kila janga linapoangusha minara ya simu, tunasikia sifa za mitandao ya papo kwa papo, ile ambayo simu na redio hupokezana ujumbe zenyewe kwa zenyewe bila kampuni katikati. Sifa hizo inastahili. Ninachokipinga ni dai linalofuatia, kwamba mtandao usio na mwenyewe hauna pa kushambuliwa, na kwamba ujumbe ukishasimbwa, yaani ukifichwa ili asomeke kwake mwenye ufunguo wa siri tu, kazi imekwisha.

Tazama itifaki ya AODV, yaani kanuni ambazo vifaa hufuata kutafutiana njia ya kupitishia ujumbe, iliyochapishwa mwaka 2003 katika waraka wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 3561. Kifaa kinachotafuta njia huuliza majirani, nao huuliza majirani zao, mpaka apatikane anayeijua. Jibu lenye namba kubwa zaidi ya mfuatano huhesabiwa kuwa ndilo jipya, hivyo hufuatwa. Sasa akitokea mtu akajibu kila swali kwa namba kubwa ya uongo, ujumbe wa eneo zima humiminika kwake, naye huutupa. Hajavunja ufunguo wowote, ameaminiwa tu. Waraka wenyewe unakiri kwamba AODV haikuwekewa hatua maalumu za usalama.

Huyo anayetupa vyote ni afadhali, maana kimya chake kitamfichua. Mimi namhofia zaidi anayepitisha pakiti tisa, yaani vipande vya ujumbe, na kutupa ya kumi. Hewani pakiti hupotea hata bila adui: betri huisha, watu husogea, mawimbi hugongana. Utajuaje ipi imepotea na ipi imeibwa? Mwaka 2000 watafiti wa Stanford walipendekeza kila kifaa kimsikilize jirani yake, kihakikishe amepeleka mbele alichokabidhiwa. Ni wazo zuri, ila wao wenyewe walieleza kuwa mgongano wa mawimbi unaweza kumpotosha msikilizaji, na kwamba anayetupa kidogo kidogo anaweza kuponyoka.

Kuna pia maadui wawili wanaoshirikiana, walio mbalimbali, wenye kiungo chao cha kasi. Mmoja hunasa pakiti huku, mwenzake huitoa kule, na vifaa vilivyo mbali hujiona majirani, hivyo ujumbe wao hupitia mikononi mwa hao wawili. Sahihi ya kidijitali, ile alama inayothibitisha kuwa ujumbe haukuguswa, haisaidii hapo, kwa sababu hakuna herufi iliyobadilishwa.

Haya si ya maabara tu. Bridgefy, programu ya kutumiana ujumbe kwa Bluetooth, ilipata umaarufu katika maandamano ya Hong Kong mwaka 2019. Mwaka uliofuata watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walionyesha kwamba watumiaji wangeweza kufuatiliwa, ujumbe wao kusomwa, na mtandao wote kuzimwa kwa ujumbe mmoja uliotengenezwa kwa hila. Walioitegemea walikuwa watu wenye la kupoteza.

Ugumu mkubwa uko kwenye funguo. Pasipo mnara wala seva, nani atathibitisha kuwa huyu ndiye? Nionavyo mimi, funguo zigawiwe kabla ya janga, ana kwa ana, siku waokoaji wanapokabidhiwa redio zao. Kuzisubiri mpaka mawasiliano yakatike ni kuchelewa. Na anayetangaza programu ya aina hii kuwa salama aseme katika tangazo hilohilo ni nani anayehakiki majibu ya njia, na kwa ufunguo uliotoka wapi.

Wako,
Mhandisi wa mitandao ya redio