Heri ya Juni 30, Mayombe

Heri ya uhuru kwa Wayombe wa Tshela, Lukula na Seke-Banza, huku Mayombe, magharibi mwa Kongo ya Kinshasa, kwa ndugu zao walioko Cabinda upande wa Angola, na kwa Wakongomani wote mtakaoipokea sikukuu hii kwa Kiswahili, kuanzia Lubumbashi hadi Bukavu. Salamu zimetangulia siku tano makusudi. Sababu iko jikoni.

Rais wa kwanza wa Kongo, Joseph Kasa-Vubu, alikuwa Myombe wa Tshela. Alikufa Boma mwaka 1969 na kaburi lake liko Singini, humohumo Mayombe. Mengine yatasemwa majukwaani.

Huu ni msimu wa sivu. Ni kiangazi, lakini kiangazi cha mawingu na ukungu utokao baharini. Jua linachungulia tu, na msitu unabaki na unyevu hata kama mvua zenyewe hazirudi hadi Oktoba. Kwa hiyo aliyefyeka shamba asikimbilie kiberiti. Matawi yakikauka juu huku chini bado mabichi, moto unaramba majani na kuyaacha magogo.

Sasa muhogo. Kwanga, ule mkate wa muhogo wa kufungwa majani, ya tarehe 30 inaingia majini leo, maana mizizi inataka siku tatu hadi nne za kulowekwa, na kwenye baridi hii ya sivu hesabu nne. Bonyeza kwa kidole: ukizama bila kusukuma, umeiva. Ukiutoa mapema, unabaki na vidonge vigumu na uchungu, na uchungu huo ndiyo sumu yenyewe haijatoka. Ukiusahau, unateleza na kunuka. Ukishaiva, toa maganda na ule uzi wa katikati, kamua maji, twanga, pika nusu, kisha kanda tena ukiwa wa moto. Hapa ndipo wengi huchoka, na kwanga iliyokandwa kivivu hupasuka ikikatwa. Funga kwenye majani, kaza kamba, pika kwa mvuke hadi iive katikati.

Kwa kuku wa mwamba, yaani kuku wa mchuzi wa chikichi, chikichi kilo moja na nusu zinatosha kuku mmoja. Zichemshe hadi nyama yake ilegee, twanga polepole bila kuvunja kokwa (vipande vyake ni mchanga mdomoni), kamua kwa maji ya moto, chuja, tokosa taratibu hadi mafuta mekundu yapande juu. Usiongeze mawese, mchuzi unayo yake.

Malafu, tembo la mchikichi, yagemwe asubuhi ya siku yenyewe. Asubuhi ni matamu, jioni makali, kesho yake yanaelekea siki. Kibuyu cha kwanza msikipeleke kwa baba tu: ukoo wa Wayombe unafuata mama, na mwenye neno ni mjomba, ngwa nkazi. Atakuja na maneno ya mwaka mzima, na ni heri ayaseme malafu yakiwa bado matamu.